Sindano ya Mgongoni Haiui: Kuchelewa Ndiko Kunakoua

Huenda umewahi kusikia maneno haya kijijini kwako: "Alikuwa anaongea vizuri tu. Wakamchoma sindano ya mgongoni. Siku ya tatu akafa."

Maneno haya husemwa kisimani, kilabuni na msibani. Husemwa na watu wazima wenye akili zao, tena kwa huzuni ya kweli. Kwa sababu ya maneno haya, ndugu wengi wa wagonjwa hukataa. Daktari anaomba kibali cha kutoa maji ya mgongo. Ndugu wanatazamana. Kisha wanasema, "Hapana. Tunamrudisha mgonjwa wetu nyumbani."

Mwezi huu tuzungumze habari hii. Tuizungumze polepole, kwa sababu inahusu uhai wa watu.

BOMA LA MWILI

Hapa Singida kila mfugaji anajua kazi ya boma. Boma likiwa zima, fisi huzunguka nje usiku kucha, kisha huondoka na njaa yake. Boma likioza, fisi yule yule huingia. Fisi hakuongezeka nguvu. Boma ndilo lililodhoofika.

Mwili wa mtu nao una boma lake. Boma hilo ni kinga ya mwili. Kinga inaweza kudhoofika kwa sababu nyingi. Kisukari kisichotibiwa vizuri huidhoofisha. Saratani na baadhi ya dawa zake huidhoofisha. Utapiamlo mkali huidhoofisha. Lakini virusi vya UKIMWI, yaani VVU, huibomoa kabisa kama mtu hatumii dawa.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka mingi hapakuwa na dawa. Mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa dawa za ARV bure. Tangu mwaka 2016 kila anayeonekana ana VVU huanzishiwa dawa, hata kama hajisikii mgonjwa. Mtu anayetumia dawa hizo kila siku, boma lake husimama tena. Analima, anafuga, anasomesha watoto.

Lakini wako watu ambao hawajapima. Wako pia waliopima, wakaanza dawa, halafu wakaziacha. Boma la watu hawa linaoza kimya kimya. Ugonjwa tunaouzungumzia leo huwapata zaidi watu hao.

ADUI ANAYEINGIA KWA PUMZI

Iko fangasi moja ndogo sana. Haionekani kwa macho. Wataalamu huiita kriptokokasi. Huishi katika udongo na katika kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Vumbi likipeperuka, sisi sote tunaweza kuivuta kwa pumzi. Mtu mwenye kinga nzima huishinda bila hata kujua.

Kwa mtu mwenye kinga dhaifu mambo ni tofauti. Fangasi hutoka mapafuni na kuingia katika damu. Damu huipeleka kichwani. Huko huzaliana katika maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Huo ndio ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo unaoletwa na fangasi.

Ugonjwa huu hauanzi kwa kishindo. Huanza kwa maumivu ya kichwa. Leo kinauma kidogo. Kesho kinauma zaidi. Wiki ya pili mgonjwa halali. Anatapika. Mwanga unamuumiza macho. Anaona kitu kimoja kama viwili. Baadaye anachanganyikiwa, au anapata degedege.

Sasa angalia jambo hili. Mtu mwenye kinga dhaifu anaweza asiwe na homa kali. Shingo yake inaweza isikakamae. Kwa hiyo watu hudanganyika. Wengine humpa dawa ya malaria bila kupima. Wengine humpa vidonge vya maumivu kila siku. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, wengine husema amerogwa. Siku zinapita.

KIBUYU KILICHOZIBWA

Je, kwa nini kichwa kinauma hivyo?

Chukua kibuyu cha pombe ya mtama ambayo bado inachacha. Kizibe kwa nguvu. Kitatokea nini? Pombe itazidi kuchacha. Hewa itatafuta njia na haitaipata. Kibuyu kitapasuka.

Ubongo wako uko ndani ya fuvu. Fuvu ni mfupa mgumu. Ndani yake pia yamo maji safi yanayoukinga ubongo. Maji hayo hutengenezwa kila siku na hunyonywa kila siku. Fangasi wakizaliana sana, huziba njia za kunyonya maji. Maji mapya yanaendelea kutengenezwa, ya zamani hayana pa kwenda. Msukumo unapanda. Fuvu haliwezi kutanuka kama tumbo, na wala halipasuki kama kibuyu. Kinachoumia ni ubongo wenyewe. Mgonjwa anaweza kupofuka. Anaweza kupoteza fahamu. Anaweza kufa.

SINDANO INAFANYA KAZI MBILI

Tuchukue mfano. Mkulima mmoja wa Mkalama amempeleka binti yake hospitali. Binti ana maumivu ya kichwa ya wiki mbili. Daktari kijana anamwita baba pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu ana nini?"

"Baba, tunataka kumtoa maji kidogo ya mgongo. Tunaomba kibali chako."

"Mwanangu, hilo hapana. Nimesikia sindano hiyo inaua. Tena mkiukata uti wa mgongo, mtoto wangu hatatembea."

"Nakuelewa, baba. Niruhusu nikuonyeshe." Daktari anajishika kiuno, pale ilipo mifupa ya nyonga. "Sindano inaingia hapa chini. Kwa mtu mzima, uti wenyewe unaishia juu ya mahali hapa. Hapa chini pana maji na nyuzi za fahamu zinazoelea. Sindano ikifika, nyuzi husogea pembeni."

"Na maji yake je? Mkiyamaliza?"

"Hatuyamalizi, baba. Mwilini mwake yamo kama nusu ya chupa ya soda. Kila siku mwili unatengeneza mengine karibu nusu lita. Sisi tutatoa kiasi cha vijiko viwili vya chakula. Mwili utayarudisha kwa muda wa saa moja au mbili."

"Kwa hiyo mnataka kuyapima tu?"

"Kuyapima ni kazi ya kwanza. Tukiyapima tutamjua adui ni nani. Kazi ya pili ni kupunguza msukumo kichwani. Huenda kichwa kikapungua kuuma leo hii hii."

Baba anafikiri. Kisha anauliza swali zuri: "Mtamchoma mara moja?"

"Pengine mara nyingi, baba. Msukumo ukipanda tena kesho, tutatoa tena kesho. Tutafanya hivyo mpaka utulie."

Ndugu msomaji, jibu hilo ni la kweli. Wagonjwa wengi wa fangasi ya ubongo huhitaji kutolewa maji kila siku kwa siku kadhaa. Ndugu wakiona sindano ya pili na ya tatu, hudhani daktari ameshindwa. Sivyo. Maji yanajaa tena, naye anayapunguza tena. Mwenye mtumbwi unaovuja humwaga maji kila mara mpaka tundu lizibwe. Dawa ndiyo itakayoliziba tundu.

Sindano hii si jambo la majaribio. Daktari Heinrich Quincke wa Ujerumani aliitumia mwaka 1891 kupunguza msukumo wa maji kichwani kwa wagonjwa wake. Tangu hapo imetumika duniani kote.

Je, haina madhara? Inayo, na tuyaseme. Mgonjwa anaweza kuumwa kichwa au mgongo kwa siku chache. Mara chache sana inaweza kutokea damu au maambukizo. Tena, kama ndani ya ubongo muna uvimbe mkubwa, sindano ya mgongoni inaweza kuwa ya hatari. Kwa sababu hiyo daktari humchunguza mgonjwa kwanza. Akiona mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, au mgonjwa ana degedege, huagiza picha ya kichwa kabla ya sindano.

KWA NINI BASI WATU HUFA?

Sasa turudi kwenye yale maneno ya kilabuni. Ni kweli kwamba wapo waliochomwa sindano na baadaye wakafa. Lakini tujiulize: walifika hospitali siku gani?

Mtu ameumwa kichwa wiki tatu. Wiki ya kwanza alikunywa vidonge vya dukani. Wiki ya pili alikuwa kwa mganga wa jadi. Wiki ya tatu alipoteza fahamu, ndipo akapakiwa kwenye pikipiki. Alipofika, ubongo ulikuwa umekwisha kuumia. Daktari akachoma sindano, kwa sababu ndiyo njia iliyobaki. Mgonjwa akafa. Watu wakaona sindano. Hawakuziona zile wiki tatu.

Ugonjwa huu ni mkali. Bila tiba, karibu wote wanaoupata hufa. Hata kwa tiba bora si wote wanaopona. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Tanzania, Malawi, Zambia na Cameroon. Katika tiba iliyofanya vizuri zaidi, karibu watu watatu katika kila wanne walikuwa hai baada ya wiki 10. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine, uliofanywa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Utafiti huo ulionyesha kwamba dawa ya amfoterisini ya aina mpya inaweza kutolewa mara moja tu kwa dozi kubwa. Mgonjwa huendelea na vidonge vya flusitosini na flukonazoli. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba hiyo.

Liko jambo moja ambalo huwashangaza watu. Mgonjwa wa fangasi ya ubongo ambaye hajaanza ARV haanzishiwi siku hiyo hiyo. Husubiri wiki nne hadi sita, huku akitumia dawa za fangasi. Kwa nini? Kinga ikiamka ghafla, hupigana na fangasi mle mle kichwani. Ubongo huvimba. Kwa hiyo daktari akisema "subiri", usidhani amekunyima dawa. Fuata tarehe aliyokupa.

WAKATI FUVU LINAPOTOBOLEWA

Fangasi si adui pekee wa ubongo. Wako wengine, na baadhi yao huhitaji mpasuaji.

Adui mmoja ni jipu la ubongo. Viini vya ugonjwa vinaweza kutoka kwenye sikio linalotoa usaha, kwenye jino bovu au kwenye damu. Vikifika kwenye ubongo hutengeneza usaha. Jipu la mguuni hutumbuliwa. Jipu la ubongo nalo likiwa kubwa halitoshi kupewa vidonge tu. Mpasuaji humlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi. Hutoboa tundu dogo katika fuvu, kama kifungo cha shati. Huingiza sindano na kuvuta usaha.

Hapa pia kazi ni mbili. Kwanza, msukumo unapungua. Pili, usaha unapelekwa maabara ili adui ajulikane. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu jambo hilo ni muhimu sana. Jipu lake linaweza kuwa la bakteria, la fangasi au la kifua kikuu. Kila adui ana dawa yake. Baada ya hapo mgonjwa hutumia dawa kwa wiki sita au zaidi.

Adui mwingine ni kifua kikuu cha ubongo. Ndiyo, kifua kikuu huweza kwenda kichwani. Huko huziba njia za maji, na maji hujaa ndani ya ubongo. Mpasuaji anaweza kuweka mrija mwembamba. Mrija hupita chini ya ngozi, kutoka kichwani mpaka tumboni. Maji yaliyozidi hushuka tumboni na kunyonywa huko. Huu ni mrija kama ule wanaowekewa watoto wenye vichwa vikubwa. Mrija hauui kifua kikuu. Lazima mgonjwa atumie dawa zake kwa miezi 12 bila kuruka siku. Dawa hizo hutolewa bure.

Mgonjwa wa fangasi naye huweza kuwekewa mrija, kama sindano za kila siku zimeshindwa kutuliza msukumo.

Si kila uvimbe wa kichwani hupasuliwa. Uko ugonjwa uitwao toksoplasima. Nao huwapata watu wenye VVU walio na kinga dhaifu. Huleta uvimbe katika ubongo, lakini husikia dawa. Dawa moja inayotumika ni ile ya Septrini. Madaktari humpa mgonjwa dawa na kumwangalia kwa muda wa wiki mbili hivi. Akipata nafuu, kisu hakina kazi. Asipopata nafuu, mpasuaji anaweza kutoa kipande kidogo cha uvimbe kipimwe.

WAPASUAJI WAKO WAPI?

Zamani swali hili lilikuwa gumu. Mwaka 2006 daktari Dilan Ellegala, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alifika katika hospitali ya Haydom. Hospitali hiyo iko wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, jirani na Mkalama. Wananchi wengi wa Singida hutibiwa huko. Wakati huo nchi yetu yenye watu karibu milioni 40 ilikuwa na wapasuaji wa ubongo watatu tu.

Ellegala aliona kwamba akifanya kazi peke yake, siku atakayoondoka kazi itaondoka naye. Akamfundisha daktari msaidizi wa hapo Haydom, Emmanuel Mayegga. Hakuwa na shahada ya udaktari, lakini alikuwa na mikono mizuri na moyo wa kujifunza. Mayegga akajifunza kupasua kichwa. Ellegala aliporudi kwao, Mayegga aliendelea na kazi.

Leo wapasuaji wa ubongo wameongezeka, na wanafundishwa hapa hapa nchini. Wako katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoko Dar es Salaam. Wako Bugando mjini Mwanza. Wako katika Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma ni barabara ya lami kupitia Manyoni. Mashine za kupiga picha ya ndani ya kichwa, zinazoitwa siti skani, nazo zimepelekwa katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa.

Lakini safari ya mgonjwa haianzii Dodoma. Inaanzia nyumbani kwako. Mpasuaji hawezi kumsaidia mgonjwa ambaye bado amelazwa ndani akipewa vidonge vya dukani.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, pima VVU. Ukiwa navyo, anza dawa na usiziache. Hii ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Boma zima halimwogopi fisi.

Pili, kama uliacha dawa, rudi kliniki. Usione aibu. Waulize kama kinga yako imeshuka sana. Kama imeshuka, damu yako inaweza kupimwa kutafuta fangasi kabla haijafika kichwani. Ikionekana mapema na maji ya mgongo ni safi, hutibiwa kwa vidonge vya flukonazoli.

Tatu, usidharau kichwa kinachouma siku nyingi. Mtu mwenye VVU, kisukari au saratani akiumwa kichwa mfululizo na maumivu yakazidi, mpeleke zahanati au kituo cha afya. Usisubiri aanze kutapika, kuchanganyikiwa au kupata degedege. Dalili hizo zikitokea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nne, mweleze mganga ukweli wote. Mwambie kama mgonjwa ana VVU, na kama ameacha dawa. Siri yake itatunzwa. Ukificha, daktari atatafuta adui mahali pasipo.

Tano, ukiombwa kibali cha sindano ya mgongoni au cha upasuaji, uliza maswali yako. Uliza kwa nini, uliza hatari zake, uliza kitatokea nini msipokubali. Hiyo ni haki yako. Kisha amueni mapema. Kikao cha ukoo cha siku tatu kinaweza kumaliza uhai wa mgonjwa.

Sita, kama gharama inawashinda, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitalini. Msimtoroshe mgonjwa.

Ndugu msomaji, safari ijayo utasikia tena maneno yale kisimani: "Walimchoma sindano akafa." Usigombane na anayesema. Ana msiba. Muulize taratibu: "Kichwa kilianza kumuuma lini? Na hospitali mlimfikisha lini?" Hesabuni siku pamoja. Siku hizo ndizo za kuogopa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kinga ya mwili inafanana vipi na boma la mifugo?

2. Sindano ya mgongoni inafanya kazi mbili. Zitaje.

3. Kwa nini mgonjwa wa fangasi ya ubongo huweza kuchomwa sindano mara nyingi?

4. Mpasuaji anapotoa usaha kichwani, kwa nini usaha hupelekwa maabara?

5. Katika kijiji chenu, mgonjwa wa kichwa hukaa nyumbani siku ngapi kabla ya kupelekwa zahanati? Mnaweza kufanya nini ili siku hizo zipungue?